Maumivu ya kichwa: lini jikoni, lini zahanati?

Hapa Dodoma, Oktoba jua ni kali na maji yako mbali. Wengi huumwa kichwa kwa kiu au njaa. Maji na uji wa uwele mara nyingi hutosha.

Kichwa kikiuma pamoja na uchovu na kizunguzungu, huenda damu imepungua. Maharage, dagaa na mboga za majani vina madini ya chuma. Juisi ya ubuyu, yenye vitamini C, huusaidia mwili kuyapokea. Chai huyazuia, hivyo isinywewe pamoja na mlo.

Lakini maumivu yenye homa au shingo kukakamaa, au mjamzito kuona ukungu, hayatibiwi kwa chakula. Mgonjwa awahishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kamati za parokia, tusaidiane kulieleza hili katika jumuiya.