Ngoja ngoja na matumbo ya vijana wetu

Hivi karibuni nilikuwa kata ya Mabawe, wilayani Ngara, kwa shughuli nyingine kabisa. Katika nyumba niliyofikia alikuwapo kijana wa kidato cha nne ambaye kila kukicha alilalamika tumbo. Alipimwa malaria, hana. Akapimwa choo, hakuna kitu. Bibi yake alikwisha anza kuwatazama majirani kwa jicho la pili.

Siku ya tatu, tukiwa wawili tu migombani, nikamwuliza mtihani wa moko ni lini. Akacheka kwa aibu. Zilibaki siku 4, na daftari la hisabati hakuwa amelifungua tangu shule zifunguliwe.

"Mjomba, kila siku nasema naanza kesho."

Wazee waliposema ngoja ngoja huumiza matumbo, wengi tulidhani ni fumbo tu. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Marekani, Dianne Tice na Roy Baumeister, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mwanzoni mwa muhula, wale wenye tabia ya kuahirisha kazi walikuwa na raha kuliko wenzao: wasiwasi kidogo, maradhi machache. Muhula ulipokaribia kwisha mambo yakageuka. Wakaugua zaidi, wakahangaika zaidi, na ukijumlisha muhula mzima hasara ilizidi ile raha ya mwanzo. Alama zao pia zilikuwa za chini.

Huko Sweden nako, mwaka 2023 kulichapishwa uchunguzi wa wanafunzi 3,525 wa vyuo vya Stockholm na jirani zake. Walioahirisha zaidi ndio ambao miezi 9 baadaye walionekana kuwa na huzuni, wasiwasi, usingizi mbaya na upweke zaidi, hata maumivu ya mikono. Tofauti haikuwa kubwa, na hao ni wakubwa kidogo kuliko watoto wetu wa sekondari. Lakini njia yenyewe inaeleweka. Kazi usiyoifanya haiondoki kichwani. Mwili hukaa kama unaosubiri adui, na tumbo, ambalo lina mawasiliano ya karibu sana na ubongo, huwa la kwanza kupiga kelele.

Kisha huja usiku wa kulipa deni. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, naye siku 3 kabla ya mtihani analala saa 3, huku akitafuna kahawa, ile yetu ya Kagera, ili macho yasifumbe. Saa 5 baada ya kuitafuna, karibu nusu ya ukali wake bado umo mwilini. Na usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga yale uliyosoma. Anayekesha anateka maji kwa pakacha.

Wazazi husema ni uvivu. Sikubali. Kijana yule alikuwa shambani kwenye maharage kabla sijaamka. Anachokikimbia ni ile hofu inayompata akilifungua daftari na kuona haelewi. Akilifunga anapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kulifunga tena kesho. (Mimi nisijifanye mtakatifu. Maneno haya nimeyamaliza saa moja kabla ya kuingia studio.)

Tena tusiwachanganye na dada zao. Binti anayetoka shule, akaenda kuteka maji, akatafuta kuni, akapika, na kuifikia taa saa 3 usiku, huyo hakuahirisha kitu. Sisi ndio tuliomwahirishia.

Kufoka nako hakusaidii sana. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walieleza kuwa wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza, waliahirisha kwa kiasi kidogo kuliko wasiojisamehe walipojiandaa na mtihani uliofuata. Anayezidi kuambiwa hafai huzidi kuliogopa daftari.

Nilimwambia kijana aache habari ya kumaliza kitabu. Achague hesabu moja, dakika 20, kabla ya giza. Mama yake nilimwambia jingine: tumbo likimwamsha usiku, akitapika damu au akikonda, wasiseme ni mtihani, warudi hospitali. Na kijana akianza kusema maisha hayana maana, mtu mzima akae naye siku hiyo hiyo, wala asimwache peke yake mpaka wamefika kwa daktari.

Jumapili, nikiwa nangoja gari la kwenda Ngara mjini, alikuja kuniaga. Alikuwa amekokotoa hesabu tatu, ya nne imemshinda. Nikamwambia ampelekee mwalimu Jumatatu asubuhi.

Akafikiri kidogo, akasema atampelekea Jumanne.