Mkono Mfukoni: Kuipiga Picha Minigofu kwa Kuzijua Sheria Zake

Mchezaji amesimama kando ya njia ya zege, mkono mmoja umezama mfukoni mwa suruali. Mpiga picha mgeni humdhania mtu anayesubiri zamu, akashusha kamera. Picha nzuri kuliko zote za siku ile imempita. Mfukoni mle mna mpira, na mchezaji anaupasha kwa joto la mwili wake, maana mpira uliopoa na mpira uliopata joto haidundi sawa.

Katika minigofu ya mashindano huo ni ufundi halali. Wachezaji huja na mikoba yenye makumi ya mipira, mizito na miepesi, migumu na laini, na kila njia huchaguliwa mpira wake. Fimbo, kinyume chake, ni moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye gofu ya uwanja mpana mambo yamegeuka: mchezaji anaruhusiwa fimbo zisizozidi 14, lakini mpira hauchezewi. Kanuni ya 4.2 inakataza kupiga mpira uliobadilishwa tabia kwa makusudi, na kuupasha joto kumetajwa humo. Adhabu yake ni kutolewa mashindanoni. Kwa hiyo, kabla ya kuandika maelezo chini ya picha ya mkono ulio mfukoni, ni lazima ujue ni gofu ipi uliyokuwa ukiitazama.

Minigofu ya Ulaya ina deni kubwa kwa Mswisi Paul Bongni. Yeye ndiye aliyebuni njia za zege zenye vipimo visivyobadilika, urefu mita 12 na upana mita 1.25, na uwanja wa kwanza wa mtindo wake ukafunguliwa Ascona mwaka 1954. Kwa kuwa vipimo na vizuizi ni vilevile kila mahali, matokeo ya mji mmoja yanaweza kulinganishwa na ya mji mwingine. Wanaotarajia kinu cha upepo kinachozunguka hawatakiona hapa. Baadaye zilikuja njia fupi za mabamba ya saruji yenye nyuzi, mita 6.25 kwa sentimita 90, na hizo hazikanyagwi. Njia ya zege, mchezaji huingia na kusimama juu yake. Ya mabamba hucheza akiwa nje, mwili umeinama, mkono umenyooshwa. Mimi huipenda zaidi hii ya pili. Ule mwinamo unaonyesha juhudi ambayo mtu asiyeujua mchezo haitarajii, na lenzi pana iliyowekwa karibu na ardhi huitoa vizuri.

Sheria ya kuhesabu nayo inamhusu mwenye kamera. Kwenye njia moja mchezaji ana mapigo sita. Mpira usipoingia, huandikiwa saba, akasonga mbele. Wajuzi huingiza kwa pigo la kwanza, basi ukisubiri kujipanga vizuri kwa la pili huenda lisiwepo. Jipange kabla, lakini usisimame nyuma ya shimo mbele ya macho ya anayelenga, na angalia jua lisikitupe kivuli chako juu ya njia.

Kuhusu kelele, adabu ni moja katika gofu zote: shata isilie kabla mpira haujaguswa. Kamera za siku hizi zina shata ya kielektroniki isiyotoa sauti, nayo ina mtego wake. Kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, na kichwa cha fimbo ya mchezaji wa kulipwa, anapopiga mpira wa mbali, huenda kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mstari wa mwisho unaposomwa, fimbo imekwisha kuhama. Pichani inatokea imepinda kama upinde. Kwenye gofu kubwa, basi, subiri pigo lipite ndipo utumie shata ya kawaida. Kwenye minigofu fimbo husogea polepole, na shata ya kimya inafaa kabisa.

Kuna tendo moja ambalo ningemsihi kila mpiga picha alivizie. Mpira ukisimama umegusa ukingo wa njia, mchezaji wa minigofu huinama akausogeza kwa mkono hadi kwenye mstari uliochorwa, bila adhabu, apate nafasi ya kuweka fimbo. Gofu kubwa imejengwa juu ya wazo lililo kinyume, kwamba mpira huchezwa pale ulipolala, uwe kwenye majani marefu au nyuma ya mti. Kuuokota bila ruhusa ya kanuni ni pigo moja la adhabu. Piga picha ya vidole vikiwa juu ya mpira, na uhakikishe ukingo na mstari vyote viwili vinaonekana.