Pichani Limo Lori, Sababu Haimo

Msafiri apitaye Adungosi, kati ya Busia na Malaba, huenda akakuta malori yamepanga foleni kando ya barabara. Madereva watakuambia jambo moja tu: sistimu imelala. Lakini sistimu ipi? Shehena itokayo Mombasa kwenda Kampala hupitia mfumo wa forodha wa Kenya, kisha ASYCUDA ya Uganda, na juu yake kufuli za kielektroniki za RECTS zilizozinduliwa mwaka 2017. Mmoja ukinyamaza, dereva hulala chini ya lori lake.

Wapo wataalamu wapendekezao kwamba msimamizi aonyeshwe mifumo hiyo kwa picha yenye kina, aizunguke kama azungukavyo mjini: kila kompyuta jengo, kila kiungo barabara. Wazo si geni. Silicon Graphics waliunda programu ya namna hiyo, fsn, ikaonekana katika filamu ya Jurassic Park mwaka 1993. (Wengi, nadhani, waliidhania uzushi wa sinema.)

Mimi ni mtu wa isimu, na Kiswahili hutenganisha huko, hapo na humo. Picha hujibu "iko wapi?" vizuri sana. Lakini jengo la mbele hulificha la nyuma, na "mna nini?" haijibiki: ni hati gani iliyokwama humo, ya nani, kwa nini? Hayo husemwa kwa maneno. Afadhali sentensi moja ya Kiswahili, isomwayo na msimamizi, karani na dereva vilevile, kuliko mji wa rangi autazamao mtu mmoja huko Nairobi.