Umunani: Hofu ya Baba na Hofu ya Mwana

Yapo mambo ambayo mtu huona haya kuyasimulia nje ya nyumba yake. Hili ni mojawapo, nami nalisimulia kwa ruhusa ya baba yangu mzazi, aliyeniambia kwamba aibu ilikwisha kupita na kwamba huenda wengine wakapata faida.

Mwaka 2019 mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka 23, alimshtaki baba mbele ya abunzi. Wajumbe hao saba, ambao sisi huwaita inyangamugayo, yaani watu wasio na doa, walikaa juu ya mabenchi chini ya mti, na nusu ya kijiji ilisimama nyuma yao. Mama mmoja wa baraza akauliza, “Mwanangu, unamdai baba yako nini?” Kijana akajibu, “Namdai umunani wangu.” Baba alipopewa nafasi ya kusema hakujitetea kwa maneno mengi. Alisema, “Mimi sikumnyima. Nionyesheni mahali pa kukata, nami nitakata.”

Watu wengine walicheka. Abunzi hawakucheka, kwa maana hapana hata mmoja wao asiyejua hesabu ya ardhi ya Kanama.

Kwa wasomaji waliokulia mbali na vilima vyetu, yafaa nieleze. Umunani ni sehemu ya ardhi ambayo baba, kwa desturi, alimpa mwanawe wa kiume akaribiapo kuoa, ili ajenge nyumba na apate pa kulima. Katika Kinyarwanda neno hilo ndilo litajalo pia namba nane, na kila mzee ana hadithi yake juu ya sababu. Mimi sijapata kusikia hadithi mbili zilizolingana. Lililo hakika ni kwamba bila umunani hapakuwa na nyumba, bila nyumba hapakuwa na mke, na asiye na mke aliendelea kuitwa kijana hata mvi zikimtoka. Binti hakuwa na umunani. Alitarajiwa kula katika shamba la mumewe. Baba mwenye upendo aliweza kumpa kipande kidogo siku alipokuja kumwonyesha mjukuu aliyezaliwa, nacho kiliitwa inkuri. Lakini hiyo ilikuwa hisani, haikuwa haki.

Babu yangu alipompa baba umunani, alipanda naye mlimani akamwonyesha kwa mkono: kuanzia mti ule mpaka kijito kile. Baba naye alipompa kaka yetu mkubwa sehemu yake, mwaka 2006, alipima kwa hatua za miguu, na mnyaa ukapandwa mpakani siku ile ile. Pombe ya ndizi ilinywewa, wazee wa ukoo wakashuhudia. Mimi nilikuwa wa pili. Mwaka uliofuata baba aliuza ng'ombe wake mmoja ili nimalize chuo cha ualimu, na siku ya kunisindikiza aliniambia maneno ambayo wengi wa rika langu wameyasikia kwa baba zao: “Wewe umunani wako ni kalamu.” Nilifurahi. Sikufahamu kwamba kwa maneno hayo alikuwa ananiambia pia kwamba ardhi imekwisha.

Kwamba ardhi ilikuwa ikiisha si siri, na si jambo lililogunduliwa jana. Wanauchumi wawili kutoka Ubelgiji, Catherine André na Jean-Philippe Platteau, waliichunguza Kanama yetu hii mwaka 1988 na tena mwaka 1993, wakachapisha matokeo mwaka 1998. Mwaka 1988 shamba la nyumba moja lilikuwa kwa wastani hekta 0.36, baada ya miaka mitano likawa hekta 0.29, eneo lisilofika nusu ya kiwanja cha mpira, na katika eneo hilo walikuwa wakila watu watano na zaidi. Lakini hesabu iliyonigusa kuliko zote ni nyingine. Mwaka 1988, kati ya wanaume 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 25, 71 walikuwa bado wanakaa kwa wazazi wao. Mwaka 1993 walikuwa wote. Hakuonekana hata mmoja wa umri huo aliyekuwa na nyumba yake.

Hebu fikiri maana yake. Mahali ambapo nyumba ndiyo inayomfanya mtu aitwe mwanamume, kizazi kizima cha vijana kilikwama mlangoni. Watafiti hao waliandika pia juu ya wingi wa magomvi: mwana na baba, ndugu mkubwa na mdogo, dada aliyeachika akarudi nyumbani na kaka asiyetaka kumpisha. Mengi yalikuwa ya ardhi, na hata yale yaliyoonekana kuwa ya mambo mengine, ukiyachimba, uliikuta ardhi chini yake. Mwaka 1994 yakaja Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Hayo yalikuwa na wapangaji wake na itikadi yake ya chuki, wala si haki kuyapachika juu ya uhaba wa mashamba. Nayataja kwa sababu hesabu yoyote ya familia katika nchi hii, iwe ya ardhi au ya kitu kingine, hupita hapo.

Tangu wakati huo watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu katika wilaya ya Rubavu watu zaidi ya 400,000. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya 540,000. Udongo wetu wa volkano ni mwema, huotesha viazi mviringo, vitunguu na kabeji kwa namna ambayo majirani hutuonea wivu, lakini haujui kujinyoosha.

Vijana wa rika la mdogo wangu husema kwamba wazee ni wachoyo. Wazee nao husema kwamba vijana ni wavivu, wanataka shamba leo ili waliuze kesho wanunue pikipiki. Nimezisikia kauli zote mbili katika umugoroba w'imiryango, ile mikutano ya jioni ya familia, nazo hurudiwa kwa sauti kubwa kama kwamba zinasemwa kwa mara ya kwanza. Mimi naona zote mbili zinapita kando ya ukweli. Mzee asiyekuwa na pensheni anaangalia kipande chake cha mwisho na kujiuliza: nikigawa hiki, nani atanipa chakula nikishindwa kushika jembe? Zamani jibu lilikuwa rahisi, kwa maana mwana aliyepewa shamba kubwa aliweza kumlisha baba yake. Mwana aliyepewa matuta manane ya viazi hawezi kujilisha mwenyewe. Kwa hiyo mzee hushika alichonacho, na kadiri anavyoshika, kijana huona kwamba anangojewa azeeke akiwa katika chumba cha utotoni. Hofu mbili zinakaa nyumba moja, na kila moja huiita nyingine tabia mbaya.

Tena wavivu hawa ndio waliokuwa wakiamka usiku kupanga foleni kwenye mpaka wa Goma, na mizigo ya mboga vichwani. Kwa miaka mingi kile kizuizi kidogo cha mpakani kilikuwa ndiyo shamba la wasio na shamba. Mpaka ulipofungwa kwa wapita kwa miguu mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya korona, wengi wao walirudi vilimani, na baba zao wakawakuta asubuhi wamesimama mwisho wa shamba, hawana la kufanya.

Sheria nayo imepita katika jambo hili, na nyumba nyingi zimechelewa kuisikia. Sheria ya mwaka 1999 iliwapa watoto wa kike haki sawa na ya ndugu zao wa kiume katika kurithi na katika ugawaji unaofanywa na wazazi, nayo iliuhesabu umunani kuwa sehemu ya wajibu wa mzazi; kwa hiyo vijana waliokwenda barazani walikuwa na pa kusimama. Sheria ya mwaka 2013 juu ya ardhi ilikataza kuyakata mashamba ya kilimo yakawa chini ya hekta moja, na kwa kuwa kwetu karibu kila shamba lilikuwa tayari chini ya hapo, watu waligawana kwa karatasi za nyumbani huku hati ikibaki na jina la baba. Kisha sheria ya mwaka 2016 ikauondolea umunani ulazima wake. Mdogo wangu alikwenda kwa abunzi mwaka 2019 akiwa na maneno ya sheria iliyokwisha kuondolewa.

Basi baba alishinda. Sitasahau namna alivyorudi nyumbani na ushindi huo. Aliketi mlangoni, akakataa chakula, na mama alipomwuliza kama anaumwa alisema, “Nimeshinda nini?” Kwa muda wa mwaka mzima yeye na mwanawe walilala chini ya bati moja wakisalimiana tu.

Hapa nawageukia ninyi wasomaji wa kambini na wa vituo vya polisi, kwa kuwa fundo gumu kuliko yote lilitoka kwa ndugu yetu aliye askari. Alikuwa amekopa Zigama CSS akampelekea baba fedha anunue kiwanja. Baba alinunua, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo siku ya kuthibitisha mauzo, kiliandikwa kwa jina lake. Hapakuwa na hila. Lakini miaka ilipopita, mdogo wetu alikiona kiwanja kile kuwa ni cha baba kama vingine, akapanda viazi. Askari aliporudi likizo akasimama barabarani akitazama maua ya viazi vya mtu mwingine katika jasho lake. Walitoleana maneno ambayo siyaandiki. Najua nyumba nyingine zenye kisa cha namna hii, na katika zote fedha zilitumwa kwa simu bila karatasi, kwa sababu mwana aliona haya kumdai baba yake maandishi.

Mwaka 2021 tulikutana watoto wote watano. Nilijiona mtu wa busara, mwenye cheti na kazi ya serikali, nikawa nimeandaa waraka. Ulisema kwamba kiwanja cha askari ni cha askari. Kwamba mimi na kaka mkubwa hatudai zaidi. Kwamba mdogo wetu apewe sehemu ya juu ajenge. Na kwamba wazazi wabaki na shamba la karibu na nyumba mpaka mwisho wa maisha yao. Niliusoma kwa sauti, kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Nikampa dada yangu kalamu atie sahihi.

Hakuipokea. Aliuliza, “Mimi nimetajwa wapi?”

Kweli hakutajwa. Nilikuwa nimemwandika chini tu, pamoja na wale wasiodai kitu, na sikuwa nimemwuliza. Akasema, “Kaka, sheria ile ya mwaka 1999 ilitoka nikiwa darasa la pili. Wewe ni mwalimu. Hukuisoma?” Baba aliinamisha uso. Kaka mkubwa akaanza kueleza kwamba yeye ana shamba la mumewe, akanyamaza katikati ya maneno, kwa kuwa sote tulijua kwamba mume yule alikwisha oa kwingine. Nilikuwa nimekuja kuwapatanisha wazee na vijana, kumbe mimi mwenyewe, kwa upande wa dada yangu, nilikuwa mzee kuliko baba.

Tulianza upya, na jambo hilo lilichukua Jumapili tatu. Siku ya mwisho hatukupima kwa mkono wala kwa hatua. Tulipima kwa utepe wa fundi seremala, na mdogo wetu ndiye aliyeshika ncha moja, baba ncha nyingine. Sehemu ya mdogo ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. Sehemu ya dada ilitoka ndogo zaidi, matuta machache kando ya mparachichi, naye alisema anaitaka hivyo hivyo, mradi iandikwe. Iliandikwa, majirani wawili wakashuhudia, nakala sita zikatolewa. Ya askari nilimtumia kambini. Alijibu kwa simu kwamba ameipokea, na kwamba viazi vilivyomo kiwanjani vivunwe kwanza.

Sitaki kudanganya kwamba sasa nyumba yetu ni ya amani tupu. Kaka mkubwa bado analalamika kwamba mnyaa wa mwaka 2006 umesogezwa. Mdogo wetu alijenga nyumba ya vyumba viwili mwaka 2022 na kuoa mwaka uliofuata, lakini matuta yake hayatoshi, hivyo hukodi shamba la jirani na siku nyingine huenda kubeba matofali mjini. Baba hupita kwake kila asubuhi kabla jua halijapanda. Husimama kando ya ukuta, huuliza kama mtoto amelala vizuri, kisha huenda kupalilia yale matuta ya dada yetu, maana dada anakaa mbali, na alimwambia ayalime maadamu ana nguvu. Vitunguu vilipokomaa mwaka huu, alimtumia nusu.