Kinachobaki Ukiondoa Ungamo

Chukua mtu aliyekamatwa Delhi kwa sababu jina lake limetajwa. Jirani amekutwa na heroini, akahojiwa, na sahihi yake iko chini ya maelezo yasemayo kwamba mzigo alipewa na fulani. Huyo fulani akapekuliwa: mfukoni hamna kitu, nyumbani hamna kitu. Hata hivyo yuko mahabusu.

Kinachomfunga ni kifungu cha 37 cha sheria ya India ya dawa za kulevya ya 1985. Mzigo ukizidi gramu 250 za heroini, au kilo 20 za bangi, na mwendesha mashtaka akapinga dhamana, jaji haitoi mpaka aone sababu za msingi za kuamini kwamba mshtakiwa hana hatia, na kwamba akitoka hatatenda kosa. Ni sharti zito mno kwa mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa.

Oktoba 2020, katika shauri la Tofan Singh, majaji wawili wa Mahakama ya Juu dhidi ya mmoja waliamua kwamba maofisa wa dawa za kulevya nao ni polisi kwa maana ya Sheria ya Ushahidi ya 1872, na ungamo mbele ya polisi halipokelewi. Sheria hiyo si ngeni kwetu. Ilitumika Kenya na Tanganyika hadi tulipotunga zetu, 1963 na 1967, kwa kufuata mfano wake.

Basi jaji wa dhamana ajiulize: nikiitoa karatasi ya ungamo kwenye jalada, kinabaki nini? Januari 2022 mahakama hiyo ilikataa kufuta dhamana ya washtakiwa kadhaa waliozongwa na maungamo na rekodi za simu tu. Julai ikafuta ya mwingine, kwa kuwa nje ya ungamo palikuwa na ushahidi mwingine, ingawa yeye mwenyewe hakukutwa na mzigo.

Wapo wasemao vigogo hawagusi mzigo, hivyo hutajwa tu na vijana wao. Ni kweli, na ndiyo maana maelezo yale yawaongoze wapelelezi kwenye akaunti, magari na maghala. Sheria inawapa siku 180 kufikisha hati ya mashtaka, na mahakama yaweza kuongeza hadi mwaka. Wakirudi na sahihi ileile ya jirani, fulani alale kwake.