Vyama vya Heshima vya Midahalo katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Anayesoma orodha ya vyama vya wanafunzi katika chuo kikuu cha Marekani hukuta majina mengi yaliyoundwa kwa herufi za Kigiriki. Majina hayo huweza kumpotosha. Vyama vingi vya namna hiyo ni vya udugu na makazi, ambamo vijana hula, hulala na hujiburudisha pamoja. Lakini vipo vingine visivyo na nyumba wala meza, ambamo mtu huteuliwa kwa sababu ya kazi aliyokwisha kuifanya. Hivi ndivyo vinavyoitwa hapa vyama vya heshima. Cha kwanza, Phi Beta Kappa, kiliundwa mwaka 1776 katika chuo cha William and Mary, Virginia. Kwa msomaji wa Kongo jambo hili si la kawaida: katika vyuo vilivyorithi desturi ya Kibelgiji, heshima ya mwanafunzi hutangazwa pamoja na matokeo ya mtihani, kwa daraja ya distinksyo au iliyo juu yake, na mambo huishia hapo.

Vyama vinavyohusu midahalo na ufasaha wa kusema hadharani vilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Delta Sigma Rho kiliundwa Chicago mwaka 1906. Tau Kappa Alpha kikafuata Indianapolis mwaka 1908. Navyo viwili viliungana mwaka 1963. Kila kimoja kilikuwa na jarida lake, moja likiitwa Msemaji na jingine Nyundo, yaani nyundo ndogo ya mwenyekiti wa baraza. Baada ya muungano majarida nayo yaliunganishwa, likapatikana Speaker and Gavel, Msemaji na Nyundo. Vyuo vidogo, ambavyo havikuwa na nafasi katika vyama hivyo vya kwanza, vilijipatia chao mwaka 1913, ndicho Pi Kappa Delta. Mwaka 1928 kikaja Phi Rho Pi kwa ajili ya vyuo vya miaka miwili.

Alama ya uanachama ilikuwa ufunguo mdogo ambao zamani ulining’inizwa kwenye mnyororo wa saa. Wachezaji wa mpira walitukuzwa kwa herufi za chuo zilizoshonwa kwenye nguo zao. Ilionekana haki kwamba aliyekitetea chuo kwa ulimi naye awe na kitu cha kuonyesha. Katika Pi Kappa Delta, mwanachama hupanda daraja kadiri anavyozidi kushindana.

Na hushindana kwa namna gani? Katika mdahalo wa desturi, wasemaji wawili huunga mkono kauli iliyowekwa na wawili huipinga. Kila mmoja husema mara mbili: kwanza hotuba ya kujenga, iliyokuwa ya dakika 10, kisha hotuba fupi ya kukanusha, ya dakika 5. Wenye kuunga mkono huanza, nao ndio wanaomaliza. Upendeleo huo una sababu yake. Richard Whately, katika kitabu chake juu ya balagha cha mwaka 1828, alieleza kwamba hali iliyopo hudhaniwa kuwa sawa mpaka ithibitishwe kinyume. Basi anayetaka mabadiliko ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mwenye mzigo mzito hupewa neno la mwisho.

Baadaye ilienea desturi iliyozua ubishi mkubwa: msemaji yule yule huunga mkono kauli asubuhi na kuipinga mchana. Katika mwaka wa masomo 1954–1955, kauli ya taifa zima ilikuwa kwamba Marekani iitambue serikali ya kikomunisti ya China. Ilikuwa zama za hofu ya ukomunisti. Vyuo vya kijeshi vya West Point na Annapolis viliwakataza wanafunzi wao kuijadili, kwa hoja kwamba askari mtarajiwa hapaswi kusikika akitetea neno la adui, hata kwa mchezo. Mwaka 1957 mwalimu Richard Murphy alilihamisha suala kutoka siasa hadi maadili: kusema hadharani ni kutoa ahadi, na anayetoa ahadi mbili zinazopingana hudanganya katika mojawapo. Wapinzani wake, miongoni mwao Nicholas Cripe, walijibu kwamba shindano la mdahalo ni zoezi, na kwamba msikilizaji wake anajua hivyo.

Kiswahili husaidia kuona fundo la ubishi huu. Kusadiki ni tendo la moyo. Kutetea ni kazi, na wakili huifanya kila siku bila kuitwa mwongo. Hata hivyo hoja ya Murphy haiondoki kirahisi, kwa kuwa wakili hujulikana kuwa ni wakili, lakini kijana aliyefunzwa kutetea lolote huweza kusahau ni lipi analolisadiki. Waliokataza kauli ya China walikuwa na hoja dhaifu zaidi: walichelea kwamba hoja za upande wa pili zingesikika kuwa nzuri.

Tena kuna waliofungiwa mlango wenyewe, si kauli zao. Katika chuo cha Wiley, chuo cha Weusi mjini Marshall, Texas, mshairi Melvin B. Tolson aliwafunza wanafunzi wake midahalo kwa ukali uliosifika. Mwaka 1935 walikishinda chuo kikuu cha Southern California, kilichokuwa bingwa wa taifa. (Filamu ya mwaka 2007 iliweka Harvard mahali pake, Harvard husikika vizuri zaidi kwenye filamu.) Ushindi huo haukuwapa ubingwa, kwa kuwa vyama vikuu vya midahalo havikuwapokea Weusi kuwa wanachama kamili mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tolson alitangazwa mshairi wa taifa la Liberia mwaka 1947. James Farmer, mmoja wa wasemaji wake, alishiriki mwaka 1942 kuunda CORE, shirika lililopigania haki za Weusi, na katika miaka ya 1960 alisimama jukwaani kujadiliana na Malcolm X, safari hii kila mmoja akitetea upande aliousadiki.