Kusahauliwa Kulivyouokoa Ukumbi wa Drottningholm

Mwaka 1921 msomi wa Uswidi, Agne Beijer, aliingia katika jengo kuukuu kwenye makazi ya kifalme ya Drottningholm, karibu na Stockholm, akitafuta mchoro. Alikuta stoo. Lakini chini ya vumbi lake palikuwa na ukumbi wa tamthilia wa mwaka 1766, na mitambo yake ya mbao haijaguswa.

Ukumbi huo uliagizwa na Malkia Lovisa Ulrika baada ya ule wa awali kuteketea kwa moto mwaka 1762. Msanifu wake, Carl Fredrik Adelcrantz, alibana matumizi: kinachong'aa kama marumaru ni plasta na rangi tu. Mfalme Gustav III, mtoto wa malkia, aliupenda mno. Alipopigwa risasi mwaka 1792, michezo ilikoma na milango ikafungwa.

Kufungwa huko ndiko kulikouponya. Kumbi za rika lake zilizoendelea kufanya kazi ziliingiziwa taa za gesi, kisha umeme na vyuma, na nyingi ziliungua. Hapa hapakuwa na aliyeona sababu ya kubomoa wala kuboresha.

Mitambo yenyewe angeielewa haraka baharia wa jahazi, kwani ni kamba, kapi na nguvu za watu. Chini ya jukwaa kuna mhimili wa mbao wenye mikono, mfano wa ule wa kuvutia nanga. Kamba zake zimefungwa kwenye vigari vinavyobeba mbao za mandhari, kulia na kushoto. Mafundi wakiusukuma, kasri linarudi kando huku msitu ukijitokeza, kwa sekunde chache tu, pazia likiwa wazi. Mawimbi ni magogo yaliyochongwa kama skrubu, yamelazwa, yanazungushwa. Ngurumo ni sanduku la mawe linaloinamishwa juu ya dari.

Ukumbi ulifunguliwa tena mwaka 1922, na ukarabati wake ni somo kwa fundi yeyote wa majengo ya kale. Kamba zilibadilishwa, kwa sababu kamba huchakaa na iliyochakaa huua. Mishumaa iliondolewa, ukawekwa umeme, kwa sababu moto na mbao kavu havikai nyumba moja. Mengine mengi yaliachwa yalivyo.

Kuuendesha kunadai nidhamu ileile. Maonyesho hufanyika majira ya joto, maana jengo halina vipasha joto; hewa kavu ya kupashwa ingepasua mbao na kubambua rangi. Mwongozaji Ingmar Bergman alipotengeneza filamu ya opera ya Mozart, iliyotoka mwaka 1975, ukumbi ulionekana dhaifu mno kubeba vifaa vya kupigia picha, hivyo jukwaa lake likanakiliwa studioni. Tangu mwaka 1991 makazi ya Drottningholm yamo katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Wapo watakaouliza: mbona ukumbi usifungwe kabisa, utazamwe tu? Kila onyesho linaula kidogo, ni kweli. Ila kuisukuma mikono ya mhimili ule kwa pamoja, taratibu, bila kamba kukwama, ni ujuzi ambao fundi hujifunza akiwa ameushika mti, mkongwe akiwa ubavuni pake. Mbao zilivumilia zaidi ya miaka mia moja bila watu. Ujuzi huo haungevumilia.